Sauti Yangu Ilibaki Darasani

Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja. Nyinyi mnaonunua sukuma wiki kwangu sokoni Matiliku, wengi hamjui kuwa niliwahi kuwa mwalimu wa nasari. Leo nitasema, hata kama nitaaibika!

Nasari yetu ilijengwa na akina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi za shamba. Walisuka viondo, vile vikapu vya mkonge, wakaviuza mpaka wakanunua radio kaseti, watoto wasikie nyimbo na hadithi. Nilikabidhiwa mimi. Jameni, watoto waliipenda! Nikiwarekodi wakiimba halafu wakajisikia, walicheka mpaka wakaanguka chini.

Mwikali alikuwa msaidizi wangu. Mimi ndiye nilimwombea kazi. Mimi ndiye nilimfundisha hata kushika chaki...

Kiangazi kikaja. Maji ya uji wa watoto tulikuwa tukiyachimba kwenye mchanga wa mto, mbali sana. Ndipo Mwikali akaniambia, "Dada, si urekodi somo? Sauti yako iwafundishe, sisi twende mara moja turudi."

Nilicheka. Halafu nikarekodi! "Watoto, tuhesabu pamoja!" Nikanyamaza kidogo wajibu, kisha, "Vizuri sana! Jipigieni makofi!"

Kaseti ilisifu wote, aliyepata na aliyekosa. Nililijua hilo, wasomaji. Nikajifanya silijui, kwa sababu uji ulikuwa unapikwa.

Jumatano moja Mwikali akasema tumbo linamuuma, niende peke yangu. Niliporudi na mtungi mgongoni, niliikuta kamati yote ya nasari mlangoni! Ndani watoto wawili walikuwa wamepigana, mmoja anatoka damu puani, nayo sauti yangu inasema, "Vizuri sana!"

Mwikali alikuwa amesimama kando ya mwenyekiti, mikono ameifunga kifuani. Tumbo lilikuwa limepona. "Mimi nilimwambia aache," akasema. "Ni mkaidi huyu."

Woi! Nilimtazama, akatazama chini. Ningekana vipi, na shahidi ni sauti yangu mwenyewe? Nilifutwa siku hiyo hiyo, na Mwikali akapewa darasa langu. Akina mama wa mwethya hawakuniita tena shambani. Nililia mpaka nikachoka!

Mwaka uliofuata kitinda mimba wangu, Ndanu, akaanza nasari. Jioni moja alikuja mbio akaniambia, "Mama, leo umeniambia vizuri sana!"

Nilishtuka. Asubuhi nikapita karibu na ua na kikapu changu cha mboga. Nikasikia, "Watoto, tuhesabu pamoja!" Ni mimi... Mwikali alikuwa ameketi nje kivulini, anasuka kiondo! Kumbe alitaka kazi yangu, na ile dhambi pia akaichukua?

Walimu wenzangu, radio si mbaya. Lakini kaa karibu nayo, na mtoto akikosea umrudishe pole pole. Na rafiki akikuonyesha njia ya mkato, mwangalie vizuri machoni. Mimi sikumwangalia.

Ndanu bado hajui kuhesabu mpaka kumi. Kila siku anaruka saba, halafu ananitazama akitabasamu, anangoja. Nikimrekebisha ananikatalia. Anasema mwalimu alimwambia vizuri sana, na mwalimu huyo ni mimi.