Kamba wa Ghorofa ya Tisa

Tak.

Sechelela alisimama gizani, kikombe mkononi. Ilikuwa alfajiri, taa za jengo hazijawashwa, na mlio ule ulitoka kwenye tangi la maji ya bahari alilomnunulia bintiye Nyemo. Ukalia tena, mkavu, kama mtu anayealisha vidole.

"Leo nakupata," alinong'ona.

Bahari iko mbali na Dodoma, lakini zama hizo maji yake yalitengenezwa na mtambo uliokaa chini ya sinki. Akamchukua mnusamaji, kijidude kidogo kama punje ya mtama alichokiazima chuoni anakosoma jioni, akamtumbukiza. Kila kiumbe huacha chembe zake majini. Mnusamaji huzionja, kisha humtaja mwenyewe. Akaanza kuogelea huku aking'aa.

Nyemo akatoka chumbani akijikuna. "Mama, usimtoe Pilipili."

"Nani kasema namtoa samaki wako? Namtafuta huyo anayegonga. Akiwa kamba-nyundo, atamla Pilipili, apasue na kioo, sote tuogelee humu sebuleni. Huyo lazima aondoke leo."

"Na kama siye?"

"Ngoja tumwone."

Mnusamaji akasema, "Samaki mmoja. Konokono watatu. Kamba mmoja, ambaye sina kumbukumbu yake."

"Huna? Wewe uliyeonja bahari zote?" Sechelela alicheka. Akawasha taa nyekundu, maana kamba wengi hawaioni. Wakapiga magoti, shavu kwa shavu, mbele ya kioo.

Chini ya jiwe lililoletwa kutoka baharini pamoja na Pilipili, mchanga ulikuwa unasukumwa nje kama vile kuna mtu anafagia. Kisha akajitokeza mwenyewe: gando moja dogo, la pili kubwa karibu sawa na mwili wake. Likajifumba. Tak.

"Si nyundo," Sechelela alisema. "Ni kamba-mwalishaji, yeye hualisha gando tu. Tena wa aina mpya, Nyemo. Mpya kabisa."

Kipapasio kimoja kirefu cha kamba kilikuwa kimelala kwenye mkia wa Pilipili. Samaki akautikisa, papo hapo kamba akarudi shimoni.

"Umeona? Macho yake hafifu. Yeye anachimba nyumba, Pilipili anamlindia mlango. Basi hatoki mtu humu. Jioni hii hii nampelekea mwalimu picha, darasa zima litapagawa."

"Sijamaliza," mnusamaji alisema. "Binadamu wawili, ngozi ya mikono. Na machozi ya yule mdogo. Ya jana jioni. Na ya juzi."

Sechelela akamgeukia Yaya, roboti mlezi aliyesimama kimya penye mlango. Kila arudipo kutoka darasani, Yaya humpokea kwa maneno yaleyale: mtoto yuko salama. Wala hakuwa amesema uongo.

"Nyemo," aliuliza polepole, "jioni huwa unafanya nini hapa?"

Mtoto hakuondoa macho yake kwenye kioo.

"Nakaa nao mpaka urudi."