Mwalimu wa Vekta na Kadzama ya Jumamosi

– Mwalimu, na huyu dada ni nani?

Purity aliuliza akininyooshea kalamu, mdomo umejaa viazi karai nilivyokaanga mimi. Walikuwa wanafunzi watano wa chuo, wamebanana kwenye mkeka chumbani kwa Dishon, pale Mikindani. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la chai.

Dishon hata hakugeuka.

– Huyu? Huyu ni wa kunifulia nguo. Haya, turudi kwa vekta zetu.

Birika lilikuwa la moto lakini sikulisikia. Miaka miwili na nusu nilikuwa mchumba wa mtu huyu. Jumamosi ya wiki ile ile alikuwa aje kwetu na wajomba zake kuleta kadzama, kile kibuyu cha pombe ya mnazi cha posa. Mama alikuwa ameshawaambia majirani wote. Kadzama ikifika, baba humuuliza binti mara tatu mbele ya wazee, "Tunywe?" Binti akisema ndiyo, ameshakuwa wa watu. Hilo swali tu ndilo nililokuwa nangoja duniani.

Wanafunzi walipotoka nikamuuliza.

– Dishon, mimi nakufulia nguo?

– Kwani hunifulii?

– Nakufulia. Ndilo jina langu?

– Mweri mpenzi, wale ni watu wa chuo. Wakijua mchumba wa mwalimu wao aliishia darasa la nane, nani atarudi hapa? Jumamosi nakuja na wazee. Wataka nini tena?

– Sina neno.

– Haya basi, niundie kasanduku kengine. Alhamisi nawafundisha vekta za pande tatu, na Ijumaa wana mtihani.

Niseme haki yake. Dishon alikuwa na kichwa cha hesabu, lakini hesabu iliyolala kwenye karatasi. Kitu kikisimama, kikawa na urefu, upana na kimo, picha ilimkataa. Mimi nashona maturubai ya malori huko Changamwe. Kazi yangu ni kulitazama lori na kujua kamba itakayotoka pembe ya chini mbele kwenda pembe ya juu nyuma itakuwa na urefu gani. Kwa hiyo mimi ndiye niliyemuundia masanduku ya vijiti vya mishikaki na uzi, sakafu kipande cha turubai. Yeye akiyasoma majibu humo, akiwaambia wanafunzi yametoka kichwani mwake.

Hilo la wiki ile nililiunda Jumatano kazini, wenzangu wakila.

Alhamisi alasiri akaliweka katikati ya mkeka.

– Mkitaka vekta inayosimama juu ya hizi mbili, kunjeni vidole vya mkono wa kulia, kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Kidole gumba kitawaonyesha inakoelekea. Choreni kama sanduku lilivyo.

Randu, kijana mpole wa Kisauni, akakunja vidole. Akakunjua, akakunja tena.

– Mwalimu, changu kinaangalia chini. Sanduku linaonyesha juu.

– Umekunja vibaya.

– Nimekunja mara tatu, mwalimu.

– Randu, nani mwalimu hapa? Fuata sanduku!

Nililitazama lile sanduku nikaliona kosa langu. Turubai huchorwa upande wa ndani, kisha hugeuzwa. Nilikuwa nimefanya kwa mazoea ya kazi, nikachora ndani, nikageuza, kulia kukawa kushoto. Kila mchoro utakaotoka mle ulikuwa kinyume.

Nikainama nimnong'oneze.

– Dishon, naomba neno moja. Hilo sanduku...

– Wewe uliishia darasa la ngapi?

Alisema kwa sauti, wote wasikie.

– Nakuuliza. Waambie.

– La nane.

– La nane! Na leo wataka kutufundisha vekta!

Wakacheka. Purity alicheka akishika mbavu.

– Dada, wewe tuletee sukari. Hiyo ndiyo silabasi yako.

Nikaleta sukari.

Walipoondoka, Dishon akanirushia simu yake.

– Lipige picha hilo sanduku, uwatumie kwenye grupu. Mimi naenda kuoga.

Nikapiga. Nikiwa natuma, ujumbe wa Purity ukashuka kwenye kioo. Nikaufungua.

"Jumamosi saa nne, Frere Town, usichelewe. Baba ameshanunua mbuzi."

Juu yake kulikuwa na wa asubuhi: "Na yule wa kufua umemwambiaje?"

Na Dishon alikuwa amejibu: "Nitamwambia mjomba kalazwa. Simwachi mpaka mmalize mitihani. Nani ataniundia visanduku?"

Mimi husoma polepole. Nilisoma mara mbili, nisije nikamsingizia mtu. Kisha nikatuma picha, kama nilivyoagizwa.

Alitoka bafuni anapiga mluzi.

– Umetuma?

– Nimetuma. Jumamosi mtafika saa ngapi?

– Aa, Jumamosi... saa nane, Mungu akipenda. Lakini mjomba Tinga kifua kinamsumbua sana.

– Pole yake.

Ijumaa alasiri simu yangu ililia nikiwa juu ya lori.

– Mweri! Lile sanduku ulilishona vipi?

– Kama turubai. Kwa ndani.

– Limewaangusha wote! Mwalimu wao wa chuoni kasahihisha pale pale, akawacheka. Michoro yote imegeuka!

– Hata Randu?

– Hata yeye. Alifuta jibu lake akaandika la sanduku.

Hapo paliniuma. Randu hakuwa amenikosea kitu, na alikuwa sahihi.

– Purity amenitukania mpaka mama yangu, Mweri. Ati nisikanyage tena...

Akayakatiza maneno.

– Usikanyage wapi, Dishon?

– Yaani... hatakanyaga tena darasani. Wewe ulijua?

– Nilitaka kukwambia. Ukaniuliza darasa.

Dereva wa lori akanipigia kelele nishuke, nikamwashiria angoje.

– Basi yaishe, mpenzi. Wale wa chuo si watu. Mke ni wewe. Kesho nakuja na wazee.

– Na kifua cha mjomba?

– Kimepona.

– Karibuni.

Nilimwambia karibuni kwa sauti ile ile ya siku zote. Nyumbani sikumwambia mtu. Mama alikuna nazi, akaazima viti kanisani, akawaita shangazi zangu, nami nikamsaidia kupepeta mchele.

Saa nane wakafika. Mjomba Tinga mbele, mzima kama jiwe. Dishon nyuma na shati jeupe jipya. Kadzama ikawekwa katikati ya ua, povu likichungulia mdomoni. Vigelegele vikapigwa.

– Mweri! baba aliita.

– Abee, baba.

– Wazee hawa wasema wamekuja kwa ajili yako. Tunywe?

– La, baba.

Wazee wakacheka. Binti wa heshima hujivunga kidogo, hata shangazi alinikonyeza.

– Nakuuliza mara ya pili, mwanangu. Tunywe?

– La, baba.

Hapo kicheko kikapungua. Mama aliacha kuchochea moto. Dishon akapiga magoti pale kwenye vumbi.

– Mweri, kama kuna kosa lisemwe hapa hapa.

– Litasemwa na wewe. Waambie wazee. Jumamosi hii ya leo, uliahidi kuposa nyumba ngapi?

– Mweri, tafadhali.

Mjomba Tinga akamgeukia taratibu.

– Ngapi, Dishon?

– Mjomba, ni maneno ya vijana tu...

– Wewe si mwalimu wa hesabu? Nimekuuliza ngapi.

– Mbili.

– Na ile nyingine mbona hatukwenda?

Dishon akatazama chini.

– Walinifukuza jana.

Shangazi mmoja alishindwa kujizuia, akaangua kicheko. Ua wote ukamfuata. Dishon alilia pale pale, machozi ya kweli, na mimi nikamtazama mpaka mwisho. Nilikuwa bado nampenda. Silifichi hilo.

– Mara ya tatu, mwanangu, baba akasema, sauti imekuwa nzito. – Tunywe?

– Msinywe, baba.

Kwetu kadzama iliyokataliwa hurudi imejaa, na hubebwa na aliyeileta. Dishon akajitwika. Mnazi ukamwagika kwenye shati jipya, na njia yao ilipita bombani, wanawake wakiwa foleni na mitungi.

Mama alinifuata chumbani, mikono yake bado ina tui.

– Ulijua tangu lini?

– Tangu Alhamisi, mama.

– Na ukaniacha nipike? Niite watu wote hawa?

– Nilitaka wawepo.

Alinitazama kama mtu aliyekosea nyumba.

– Mweri, wewe una roho mbaya kuliko yeye.

Kule bombani sauti zilikuwa zimeanza: "Baba, mbona mwarudi na mzigo?" Nikasogea dirishani, nisikie Dishon atawaambia nini.