Barabara Juu ya Chemchemi

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza juu ya mlima, Bernadeta alimwagilia nyanya zake. Maji hayakuwa mbali. Chemchemi ilitoka kwenye miti juu ya shamba, ikashuka kwa mfereji mpaka kwenye matuta. Hata kiangazi haikukauka. Nyanya aliziuza gulioni Mkuyuni, nazo ndizo zilizoilisha nyumba.

Shamba aliachiwa na mama yake, naye mama aliachiwa na bibi. Ndivyo ilivyo kwa Waluguru wengi: ardhi ni ya ukoo wa mama. Laurenti, mumewe, alikuja kuoa akakuta shamba lipo.

Siku moja Bernadeta aliona vigingi vyekundu. Vilipita juu kidogo ya chemchemi, vikaelekea kileleni.

"Baba Glory, nani kapigilia vijiti kule juu?"

Laurenti alikuwa anakunywa uji. Alifurahi kuulizwa.

"Wapimaji wa kampuni ya umeme wa upepo. Walikuja ulipokuwa gulioni. Barabara ya kupandishia mitambo itapita pale. Mimi ndiye niliyewaonyesha njia ya mkato!"

"Uliwaambia shamba ni la nani?"

"Walimuulizia baba mwenye nyumba. Nikasema ni mimi."

"Nyumba sawa. Na shamba?"

Laurenti akaurudia uji wake. Ulikuwa umeshapoa, lakini aliupuliza vilevile.

Habari zilimfikia Mjomba Bartholomeo, mkubwa wa ukoo. Alipanda mlima akihema, fimbo mkononi.

"Shikamoo, mjomba," alisema Bernadeta.

"Marahaba. Sitaki kusikia habari za mapangaboi hayo ya upepo! Yatafukuza mawingu. Mvua ikikimbia, tutalima nini?"

Alikwenda akang'oa vigingi vyote, akavitupa korongoni.

Basi kijiji kikagawanyika. Waliotaka umeme walisema ukoo wa Bernadeta unawarudisha nyuma. Wazee walisema vijana wameuza mvua. Jumamosi jumuiya ya kanisa ilikuwa isali nyumbani kwa Bernadeta. Nusu ya watu hawakutokea. Hilo lilimuuma kuliko yote. Alikuwa amepika chai ya watu wengi, ikabaki kwenye sufuria.

"Hodi! Wenyewe mpo?"

Alikuwa Asia, afisa maendeleo ya jamii wa kata. Alizaliwa Turiani, lakini sasa alikuwa jirani yao. Aliwakuta Bernadeta, Laurenti na Mjomba wamenuna, kila mtu pembe yake.

"Chai yote hii! Kulikuwa na arusi, mbona sikualikwa?"

Bernadeta alimweleza yote. Asia alisikiliza mpaka mwisho.

"Mjomba, nisamehe, lakini mapangaboi hayafukuzi mvua," alisema. "Upepo unayazungusha, kisha unaendelea na safari yake. Mvua inabaki palepale."

"Kwa hiyo tukubali!" Laurenti akadakia.

"Sijasema hivyo. Wewe shemeji unataka nini?"

"Umeme. Nifunge mashine ya kusaga."

"Umeme wa mitambo hauingii moja kwa moja nyumbani kwako. Unakwenda kwenye gridi ya taifa. Unaweza kuwaka Dodoma, wewe ukabaki na kibatari. Kama mnautaka hapa kijijini, liwe sharti. Liandikwe kabla hamjakubali."

Hilo hakuna aliyekuwa amemwambia Laurenti.

"Nyote mnagombania yale yatakayozunguka juu," Asia aliendelea. "Mimi ningeogopa barabara. Magari ya mitambo ni marefu sana. Yanataka barabara pana, na mlima utachongwa. Udongo ukishalegea, masika utashukia wapi?"

Bernadeta hakuhitaji kufikiri.

"Kwenye chemchemi," alisema. Bila maji yale hakuna nyanya, na bila nyanya hakuna chakula.

"Sasa hilo ndilo la kusema. Kung'oa vigingi hakusaidii, watarudishia. Wenye shamba lazima waulizwe, na jambo hili lifike mkutano mkuu wa kijiji. Pale kila mtu mzima ana sauti, mke kwa mume. Ulizeni barabara inapita wapi. Mitambo itakuwa mbali kiasi gani na nyumba, maana ina mvumo? Athari kwa mazingira zimepimwa? Fidia ikoje? Mkiona majibu hayatoshi, semeni hapana."

Siku ya mkutano uwanja wa shule ulijaa. Kampuni ilimtuma mhandisi wake, Geofrey. Mjomba alisimama kusema, kama kawaida ya ukoo. Akamtazama Bernadeta.

"Leo aseme mwenye shamba," alisema, akaketi.

Bernadeta alisimama. Alikaza kanga yake.

"Barabara yenu inapita juu ya maji yetu. Mmeyaona?"

Geofrey alikunjua ramani. Chemchemi haikuwemo.

"Sikuwaonyesha," alisema Laurenti, akisimama. "Niliwaonyesha njia fupi, na sikumuuliza mke wangu. Nimekosa."

Watu walicheka, lakini si kwa ubaya.

"Mama, nipeleke nikaione," alisema Geofrey.

Nusu ya kijiji ilipanda pamoja nao. Geofrey alitia mkono majini. Akatazama mteremko, akatikisa kichwa.

"Barabara haitapita hapa."

Kampuni ilipima upya. Katika mkutano uliofuata wanakijiji walikubali, kwa masharti yao. Barabara ipite mgongo wa pili wa mlima, na mitaro ijengwe kwa mawe. Mitambo ikae mbali na nyumba. Umeme ufike kijijini. Yote yalisomwa kwa sauti kabla mtu hajatia saini. Mjomba alinyoosha mkono wa mwisho kabisa, lakini alinyoosha. Jumamosi iliyofuata jumuiya ilijaa tena.

Leo mitambo inazunguka kileleni. Laurenti anasaga mahindi ya kijiji kizima, na anajivuna kidogo. Masika ya kwanza mvua ilipiga juma zima, wala haikukimbia. Ilipokatika, Bernadeta alikwenda haraka chemchemini. Maji yalikuwa safi, mpaka changarawe zilionekana chini. Aliketi pale akalia kwa furaha.

Siku hizi wanawake wa kijiji cha ng'ambo wanapanda kwa Bernadeta.

"Dada, kampuni imefika na kwetu," walimwambia juzi. "Watu hawasalimiani. Tuanzie wapi?"

Bernadeta aliwakaribisha vigoda.

"Tuanze na maji," alisema. "Ya kwenu yanatoka wapi?"