Kata ya Mwisho

Mimi sikukanyaga shule. Kusoma nilijifunza kwenye kambi za wakata magogo, kwa magazeti yaliyobandikwa ukutani kuziba nyufa. Na kutosema uongo nilifundishwa na baba, kwa mkanda. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa mtu asinibishie. Niliyaona mwenyewe.

Ilikuwa Jumamosi ya Novemba, mwaka wa thelathini na sita, huku kwetu Keweenaw, rasi ya misitu na baridi kali. Mchana nilipasua kuni, nikachota maji, nikawasha jiko la sauna, kibanda chetu cha kuogea kwa mvuke. Dada yangu Tyyne alikuwa jikoni anaoka mkate wa iliki, tumbo limemtangulia. Mtoto alitarajiwa wiki ile. Wawili waliomtangulia walitoka bila pumzi, tukawazika kwenye maboksi niliyoyapigilia misumari kwa mikono yangu. Tyyne alikuwa ameshaniambia, "Kaka, boksi la tatu sitaliweza."

Angejifungulia sauna, kama mama yetu alivyotuzaa sote. Mkunga, Bi Hilja Lampinen, alikuwa ameshafika, anakunywa kahawa yake ya tatu.

Wanaume tuliingia kwanza: mimi na Veikko, mume wa Tyyne. Tukapanda kichanja cha juu. Kata moja ya maji kwenye mawe ya moto juu ya jiko, chwaaa, mvuke ukatukumbatia. Raha tupu.

Kwetu hata mtoto anayetambaa anajua mambo mawili. Ndani ya sauna hakuna kugombana. Na kata ya mwisho ya maji si ya watu. Inaachwa kwenye ndoo kwa ajili ya mwenyewe, yule mzimu mdogo anayekaa nyuma ya jiko. Hakuna aliyemwona, na hakuna anayeuliza.

Sasa, asubuhi ile dukani nilikutana na mpishi wa kambi nilikofukuzwa kazi. Akanieleza jambo. Nilijiapiza kunyamaza mpaka tutoke nje. Sikuweza.

"Shemeji," nikasema, "yule farasi aliyekufa kwa baridi kambini. Nani alimwacha nje?"

"Si yalishaisha hayo?"

"Uliyamaliza wewe na msimamizi. Ulimwambia ni mimi. Nikafukuzwa kama mbwa."

"Shusha sauti. Tuko sauna."

"Na uongo wako uko wapi? Umeutundika nje pamoja na suruali?"

Akacheka. "Nenda kasome kuta zako, profesa."

Hapo nikasimama. Nilimwita majina ambayo siyaandiki. Kisha nikasema neno ambalo mpaka leo linanikaa kooni: "Mtoto wako na azaliwe na ulimi kama wako, au asizaliwe kabisa."

Veikko akanyakua ndoo. Ilibaki kata moja.

"Acha," nikamwambia. "Hiyo si yako."

"Basi aje anikataze mwenyewe."

Akamwaga yote juu ya mawe.

Mawe hayakulia.

Yalikuwa mekundu, nayaona kwa macho yangu. Maji yaliingia kati yake kama yanayoingia mchangani. Hapakutoka mvuke. Hapakutoka sauti. Nikaona nywele za mikono ya Veikko zimesimama.

Mlango ukagongwa.

"Tokeni," Bi Hilja alinong'ona kupitia upenyo. "Chupa imepasuka."

Wanawake wakaingia, nasi tukakaa kwenye chumba cha nguo, ukuta mmoja tu kati yetu na wao. Nje theluji ilikuwa inaanguka, bado ni mchana. Nilimsikia Tyyne akihema. Kisha nikamsikia akisema, "Bi Hilja, mbona baridi?"

Mlango ukafunguka. Bi Hilja alikuwa amejifunga shali. Pumzi yake ilitoka nyeupe, kama mtu aliyesimama ziwani, na nyuma yake mawe yalikuwa bado mekundu.

"Nani amegombana humu?"

Veikko alitazama viatu. Mimi, ninayejigamba kwa kusema kweli, nilinyamaza.

"Haya," akasema. "Nyamazeni."

Akafunga.

Mtoto alitoka muda mfupi baadaye. Tulijua kwa sababu Tyyne aliacha kupiga kelele. Tukasubiri kilio. Hakikuja. Tukasikia kofi la mkunga, na lingine. Kisha sauti ya dada yangu, ndogo, kama ya msichana: "Kaka. Usilete boksi."

Niliusukuma mlango. Nikasimama kizingitini, nimeyageuzia mawe uso, nikasema kwa sauti: "Ni mimi. Nimegombana humu ndani. Nimemlaani mtoto. Nisamehe." Kisha nikageuka. "Veikko. Na wewe sema."

"Sijafanya kitu," akasema Veikko.

"Maji ya mwisho..."

"Sijafanya kitu!"

Ndoo ilikuwa tupu, imeinamishwa sakafuni. Kata ilikuwa kwenye msumari wake. Hakuna aliyesogea.

Chwaaa.

Mvuke ulipanda kutoka kwenye mawe, mnene, wa moto, ukatufunika wote. Ndani yake mtoto akalia.

Ulipotawanyika tukamwona. Msichana, mwekundu, mzima. Kwenye kifundo cha mguu wake palikuwa na alama ya masizi: vidole, kama vya mtu aliyemning'iniza. Bi Hilja ana mikono kama beleshi. Vidole vile vilikuwa vyembamba kama njiti za kiberiti. Alama iliondoka kwa sabuni siku hiyohiyo.

Walimwita Lahja. Alikua vizuri. Ila Veikko hakupata joto tena. Kila Jumamosi alikaa kichanja cha juu, mimi ngozi inataka kubanduka, yeye anatetemeka, hana tone la jasho. Mara ngapi nilimwambia, "Sema tu, shemeji, yaishe." Alinijibu nisimletee ushamba.

Lahja alipofika miaka mitano, alikuwa ameketi kichanja cha chini, anachezea maji. Akainua uso kumtazama baba yake. Akanyooshea kidole nyuma ya jiko, akanong'ona, "Baba, mwambie tu. Amechoka kukushikilia."

Veikko akatoka bila kujimwagia maji. Hakuingia sauna tena.

Alikufa mwezi wa Julai uliofuata, jua linawaka, amejifunika blanketi tatu. Daktari hakupata cha kuandika.

Kwetu maiti huoshwa sauna. Nilimwosha mimi, peke yangu, juu ya kichanja kilekile. Jiko halikuwa limewashwa tangu Jumamosi. Nilipomgeuza, nikaona mgongo wake.

Alama za mikono. Midogo, ya masizi, miwili miwili, imepanda kutoka kiunoni mpaka mabegani. Jozi ya mwisho ilikuwa imezunguka shingo.

Nilisugua kwa sabuni. Zile za chini hazikutoka, zilikuwa za miaka, zimeshazama ngozini. Za shingoni zilitoka kwa urahisi, zikanipaka viganja.

Zilikuwa bado mbichi.