Nililinda Kabati la Vitabu, Mwanangu Hajui Kusoma

Siandiki haya ili mnionee huruma. Huruma nimeshapewa ya kutosha, tena na watu wale wale walionichimbia shimo.

Nina umri wa miaka arobaini na mitatu, mwalimu wa shule ya msingi, mke wa mtu na mama wa watoto watatu. Kwa miaka tisa nilifundisha Bweranyange, wilayani Karagwe, na miaka yote hiyo nilivaa ufunguo shingoni. Ulikuwa wa kabati la chuma lililokaa ofisini kwa mwalimu mkuu, na ndani yake kulikuwa na vitabu vya hadithi vya watoto. Hiyo ndiyo tuliyoiita maktaba.

Ndugu wasomaji, hakuna kitabu kilichopotea mikononi mwangu. Wathibiti ubora wa shule wakija nafungua, wanakuta vitabu vimepangwa, bado vinanukia wino, wananisifu. Wakiondoka nafunga. Mtoto akithubutu kuomba kimoja, namwambia akanawe mikono kwanza. Akirudi amenawa, namwambia muda umekwisha. Nilijiona mlinzi hodari wa mali ya umma... kumbe!

Kwa sifa hiyo nilichaguliwa kwenda chuo kikuu kuchukua shahada ya uzamili ya ufundishaji wa kusoma na maktaba za shule. Ufunguo nilimkabidhi mwalimu mwenzangu, nitamwita Adelina. Tulikuwa chanda na pete tangu tulipoajiriwa. Nilimwamini kuliko dada yangu wa tumbo moja.

Likizo ya kwanza mhadhiri alitupa kazi ndogo tu. Tafuta mtoto mmoja, kaa naye, msikilize akisoma, andika unachokisikia. Nilimchagua kitinda mimba wangu, Koku, aliyekuwa darasa la nne pale pale shuleni kwetu. Ripoti zake zilikuwa nzuri siku zote.

Tulikaa jikoni, ndizi zikitokota. Koku akashika kitabu chake cha darasani akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Nikatabasamu. Kisha nikakumbuka maelekezo ya mhadhiri, nikafunua ukurasa wa mbele zaidi ambao walikuwa hawajafundishwa. Mwanangu akaangalia picha, akaniangalia mimi... akasema maneno yale yale ya ukurasa wa kwanza.

Nikamwonyesha neno moja kwa kidole. Akaanza kulia.

"Mama, mimi huwa nawasikiliza wenzangu wakisoma," akaniambia. "Nikisikia mara mbili nakuwa nimeshika."

Mnanielewa? Mtoto wa mwenye ufunguo! Walimu wenzangu walikuwa wakimwongezea alama kwa heshima yangu, na mimi nilikuwa nimeshughulika kulinda karatasi zisichafuke. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa kati ya migomba, nikalia mpaka ndizi zikaungua.

Siri ile nilimweleza mtu mmoja tu, Adelina. Alinikumbatia, tukalia pamoja. Akaniambia ninyamaze, itabaki kati yetu.

Mwaka wa pili nilirudi Bweranyange kwa mafunzo ya vitendo. Nikachukua ufunguo, nikafungua kabati, sikulifunga tena. Watoto walibeba vitabu kwenda navyo nyumbani. Wengine waliwasomea bibi zao na kuwaelezea kwa Kinyambo, lugha ya nyumbani. Vitabu vilirudi vinanuka moshi wa jikoni, vina utomvu wa ndizi, vingine havina majalada. Saba havikurudi kabisa. Mama mmoja kijana alikuja mwenyewe, akapiga magoti mlangoni.

"Shikamoo mwalimu. Waitu, tafadhali, unisamehe, mbuzi amekula kitabu. Lakini mtoto alikuwa ameshakimaliza."

Nilimwinua, nikampa kitabu kingine ampelekee mtoto.

Na Koku? Kila jioni tulianza upya, silabi kwa silabi, kama mtoto wa chekechea. Yeye hakuona aibu. Aibu yote ilikuwa yangu.

Kabla muhula haujaisha nikaitwa kwenye kikao. Walikuwepo mwalimu mkuu, kamati ya shule na ofisa kutoka wilayani. Mezani kulikuwa na barua ya malalamiko kwamba naharibu mali ya serikali. Niliutambua mwandiko kabla sijafika kwenye sahihi... Adelina!

Kwa nini? Nimejiuliza sana. Nadhani katika ule mwaka aliokaa na ufunguo alikuwa ameonja sifa zile nilizozionja mimi, na wathibiti walikuwa karibu kuja.

Akasimama. Hakuniangalia. Akasema mtu ambaye mtoto wake wa kumzaa hajui kusoma hana la kuwafundisha wengine kuhusu maktaba.

Chumba kizima kikanigeukia. Hivi ningekana? Ningelia mbele yao? Nilisimama.

"Ni kweli," nikawaambia. "Mwanangu hajui kusoma kwa sababu mimi nilifunga kabati hilo miaka tisa, nanyi mkanipigia makofi. Nipeni adhabu ya hiyo miaka tisa. Ya vitabu saba siipokei."

Ofisa aliyaandika maneno yangu, kikao kikafungwa. Wiki chache baadaye ikaja barua. Nilipoifungua machozi yalijaa, sikuona hata mstari. Koku akaichukua mkononi mwangu, akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

"U... ha... mi... sho. Uhamisho."

Akaendelea, akikwama, akirudi nyuma, mpaka akafika kwenye jina la Kamuli, wilaya ya Kyerwa. Barua ile hakuna aliyekuwa amemsomea. Hakuwa na mahali pa kuisikia mara mbili.

Nilicheka, wasomaji wenzangu. Nilicheka mpaka mume wangu akaja mbio kutoka kibanjani, kwenye migomba, akidhani nimerukwa na akili.

Nimehamia Kamuli na Koku wangu. Mume wangu amebaki, maana migomba na mibuni haihami, na kuishi mbali naye kunaniuma, sitadanganya. Shahada nimeipata, na katika ripoti yangu vile vitabu saba vina sura yao nzima.

Siku ya kwanza hapa Kamuli nilikabidhiwa ufunguo wa kabati. Nilishukuru, nikaomba ruhusa, nikamwita fundi akaung'oa mlango. Tumeulaza juu ya matofali, watoto wanaukalia wakisoma.

Wewe mwalimu, wewe mzazi, nakuomba usipite njia niliyopita mimi. Leo jioni mkalishe mwanao, mpe ukurasa asioujua, umsikilize mpaka mwisho. Usijifariji kwa ripoti. Na kama una ufunguo shingoni, vua.

Nawe Adelina, najua maandishi haya yatafika hapo mjini Omurushaka, na huko Bweranyange utayaona. Kutoa siri yangu nimekusamehe. Lakini nimesikia kabati umelifunga tena... Hilo sikusamehi.