Dume wa Droo ya Nane

Jumanne, saa mbili na dakika kumi asubuhi, katika ghala la wadudu wa utafiti, mtafiti alivuta droo ya nane ya kabati la virukajani akakuta tundu la pini, mdudu hayupo. Mdudu mwenyewe hakuzidi punje ya mchele, lakini ndiye aliyekuwa ushahidi wa miaka minne ya kazi: dume pekee wa aina mpya. Makala ilikuwa itoke Ijumaa. Bila mdudu huyo wangesema amemzua kichwani mwake, na udaktari alioupigania ungeota mbawa.

Inspekta alifika saa tatu na nusu. Alikuwa mama wa makamo, aliyezoea wezi wa magari. Harufu ya naftalini ilimpigisha chafya mara mbili.

"Wadudu elfu sitini, na mwizi kachukua mmoja," alisema. "Mwanangu, nielimishe. Huyo ana nini?"

"Kirukajani anafyonza utomvu wa majani," mtafiti alisema. "Kwa nje wanafanana: kichwa, mabawa, hata vijimiba vya miguu ya nyuma. Majike ndio kabisa, huwatenganishi. Ukitaka kujua aina unakata tumbo la dume, unalichemsha kwenye dawa mpaka nyama iishe, unatazama kiungo cha uzazi kwa hadubini. Cha huyu kina ncha mbili zilizopinda kama kulabu. Tumbo linawekwa kwenye kichupa, kinatungwa kwenye pini yake."

"Kumbe hata huko madume wanajulikana kwa hilo hilo."

Mtafiti hakucheka.

Funguo za ghala zilikuwa tatu: yake, ya mfagizi, na ya Mtunzaji wa ghala, mjomba wake aliyemlea tangu mama yake alipofariki na kumfundisha kazi hiyo.

Mfagizi aliitwa kwanza, maana mwezi uliopita alivunja kisanduku.

"Nilivunja, na nikasema mwenyewe," alijitetea. "Afande, mimi mdudu nampiga kandambili. Wa kuiba nimfanyie nini?"

"Jana ulitoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili kasoro. Nilimwacha Mzee mtunzaji anaandika vikaratasi vyake vya lebo, kama kila siku."

Mjomba alijibu kwa utulivu, miwani mkononi. "Huyu bwana ana mikono mizito. Pengine mdudu alidondoka, akafagiliwa."

Mfagizi aliinamisha kichwa. Tayari mlinzi wa mlangoni alikuwa amepekua mfuko wake mbele za watu.

Inspekta alichungulia tena tundu. Pini iling'olewa wima, sifongo ya chini ya droo haikuchanika. Mkono mzito haung'oi hivyo. Akamgeukia mtafiti.

"Tuseme mwizi ni wewe. Ungemtupa wapi?"

"Nisingemtupa," alijibu bila kufikiri. "Mtu wa kazi hii hatupi mdudu mwenye lebo."

"Basi ungemficha wapi?"

"Kati ya wadudu wengine. Ningemweka pale ninapoamini ni pake..." Alimtazama mjomba wake, kisha akaenda kwenye droo ya tatu bila kuambiwa.

Humo walikuwamo majike kumi na moja wa aina ambayo mjomba aliipa jina miaka ishirini iliyopita. Sasa wadudu walikuwa kumi na wawili. Wa mwisho alikuwa na kichupa kwenye pini. Lebo nyekundu ya aina mpya ilikuwa imeondolewa, na chini yake imetungwa nyeupe, wino ungali mpya: jina la aina ya mjomba, jina la mjomba, tarehe ya jana.

Inspekta aliisoma mara mbili. "Mzee, nimekamata wezi wengi. Wewe ndiye wa kwanza kusaini."

"Mdudu hahamishwi bila lebo," mjomba alisema, kama anayemsahihisha mwanafunzi.

"Lakini huyu siye dume wa majike hawa," mtafiti alisema. "Niliwafuga majike wa kichaka kile kile ulichowakamatia hawa. Madume waliotoka kwenye mayai yao ni wa aina ya zamani, iliyopewa jina kabla hujaanza kazi. Nilikuonyesha, mjomba."

"Ulinionyesha. Nilijua."

"Basi kwa nini?"

Alivaa miwani, akaivua tena. "Makala yako inasema wadudu wangu si aina mpya. Ikitoka, jina la zamani linabaki, nililowapa mimi linafutwa. Ni la mama yako. Kaburi lake lilipitiwa na barabara. Dada yangu hana mahali pengine alipoandikwa. Dume huyu akihesabiwa wao, aina yangu inakuwa mpya kweli na jina linabaki." Kisha, kwa shida, "Na sifa yangu pia. Siwezi kusema haikuwamo."

Mtafiti aliketi kwenye kiti cha mfagizi. Kupotea kwa mdudu kulikuwa kumemtia hofu. Kupatikana kwake kulimuumiza zaidi.

"Binti," Inspekta alisema taratibu, "mshtaki ni wewe. Nimwandike?"

Alimtazama mfagizi.

"Mwandike. Ungekuwa umenikosea mimi tu ningesema tuyamalize nyumbani. Lakini ulimwacha huyu baba apekuliwe kama mwizi, ukitazama." Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Ijumaa jina la mama nitalifuta mimi, kwa mkono wangu. Ungeniambia, mjomba, tungelia wote wawili."

Inspekta alifungua daftari, akaanza kwa kuandika saa.