Wali Mwekundu wa Mama Luo

Baridi ya Juni huko Makere haina adabu. Hupita chini ya mlango, ikapanda kitandani na kumtafuta mtu hapo hapo alipojikunyata. Hata hivyo Immakulata hakuachwa alale, likizo au si likizo. Kulipopambazuka alichota maji, akafagia uwanja, akachochea moto wa uji, kisha akamwosha uso mdogo wake Marselino, mtoto wa miaka minne, ambaye kila siku alilia kama anayechunwa ngozi. Baada ya hapo ndipo walipofuatana na mama yao, Jeanne, kwenda kambini kwa Wachina.

Hiyo ilikuwa kambi ya wajenzi wa barabara ya lami iendayo Kibondo. Jeanne alifua nguo na kumwagilia bustani ya mboga. Immakulata alisaidia jikoni. Alikuwa darasa la sita, mwepesi wa akili na mwepesi zaidi wa kutafuta njia ya mkato. Akitumwa kuni za mlimani, alichomoa za jirani. Akiambiwa apepete maharage mara mbili, alipepeta mara moja na kuapa kuwa zilikuwa tatu. Mama yake alishamwonya mpaka mdomo ukachoka.

Mpishi wa kambi alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, aliyeitwa Mama Luo. Kiswahili chake alijifunzia jikoni, kwa hiyo kilijaa vitunguu na chumvi kuliko salamu. Siku moja Immakulata alimwuliza, "Mama Luo, Wachina wote wanapika kama wewe?"

Mama Luo alicheka. "Hapana! China kubwa, makabila mengi. Mimi Mbuyi, watu wa milima ya kusini. Ninyi je? Waha?"

"Majirani zetu ndio Waha. Sisi asili yetu Burundi, lakini ni Watanzania."

"Basi umeelewa. Nyumba moja, vyungu vingi."

Ndipo akawaeleza Immakulata na mama yake habari ya sikukuu yao. Huangukia siku ya sita ya mwezi wa sita kwa kalenda ya kwao, wakati wa joto kali, mpunga ukiwa unakua mashambani. Siku hiyo Wabuyi huchinja kuku na kuchomeka vibendera vya karatasi nyeupe mashambani ili wadudu wasile mazao. Wanawake huimba. Kisha hupikwa wali wa rangi tano: mweupe, mweusi, wa njano, wa zambarau na mwekundu. Macho ya Mama Luo yalilowa aliposema hayo, maana miaka mitatu hakuwa ameila sikukuu hiyo na watu wake. Mwaka huu alitaka kuifanya hapo kambini, pamoja na watoto wa jirani.

"Rangi inatoka majani, maua, mbegu," alisema. "Rangi ya dukani sitaki. Rangi nyingine ninazo. Nyekundu sina."

Jeanne aliweka beseni chini. "Nyekundu iko kwa Bibi Mpawenimana, ng'ambo ya bonde. Ana mti wa mrangi alioutoa Mtabila enzi za kambi ya wakimbizi. Tunda lake ukilipasua, mbegu zinapaka mkono kama damu, na wala hazina madhara. Immakulata ataleta."

"Ego, mama," Immakulata akaitikia.

Siku ya kuamkia sikukuu alichukua kikapu akaondoka. Bonde lilikuwa refu, na upande wa pili kilima kilisimama wima. Upepo wa baridi ulimpiga kifuani. Hakufika hata mtoni. Rafiki yake Swaumu na wenzake walikuwa wanaruka kamba kando ya njia, wakamwita. Immakulata akaruka, akaimba, akajisahau. Alipokumbuka alikotumwa, jua lilikuwa limeshaanza kuteremka.

Hapo ndipo akili yake nyepesi ilipomletea mbegu za baba.

Baba yake, Hatungimana, alikuwa amenunua mbegu za mahindi katika duka la Nurudini mjini Kasulu, kwa ajili ya shamba la bondeni. Zilikuwa za rangi ya waridi iliyokolea, na ukizigusa vidole vinabaki vyekundu. Siku alipozileta aliwaita wote akawaambia, "Hiki si chakula. Zimepakwa dawa ya wadudu. Hata kuku asizionje."

"Lakini mimi sichukui mbegu," Immakulata alijiambia. "Nachukua rangi tu."

Alirudi nyumbani kwa kunyatia, akazamisha mbegu kwenye kopo la maji mpaka maji yakaiva kwa wekundu. Akayachuja kwenye chupa, akazikausha mbegu kando ya moto, akazirudisha kwenye mfuko wa baba. Kisha akanawa mikono kwa sabuni, akarudia tena. Mtu anayenawa namna ile hawezi kusema hakujua.

Mama Luo aliipokea chupa, akaitazama kwenye mwanga. "Mbegu ziko wapi?"

"Bibi kaziloweka mwenyewe. Kasema ukoroge tu na mchele."

"Bibi mwema! Mwambie asante sana."

Sikukuu ilifana. Vibendera vyeupe vilipepea kando ya matuta ya mboga, na Mama Luo aliimba wimbo mrefu wa kwao hadi wapishi wenzake wakaacha visu wakamsikiliza. Wali mwekundu ulikuwa kidogo, akawagawia watoto wadogo peke yao. Wengi waliudokoa tu kwa woga wa ugeni. Marselino hakuogopa kitu. "Nyekundu! Nyongeza!" alipiga kelele, na Mama Luo, akifurahi, akamwongezea. Uliobaki chunguni akaukwangua mwenyewe akala.

Immakulata hakuugusa. Mara mbili alinyoosha mkono amnyang'anye mdogo wake bakuli, na mara mbili akaurudisha. "Moto umeshaua dawa," alijifariji. Moyo wake haukukubali, lakini mdomo ulibaki umefungwa.

Kabla ya alasiri Marselino alianza kutokwa na mate, yakamlowesha shati lote. Akatapika. Macho yakawa ya ajabu, mboni zikasinyaa zikawa ndogo mno, na mikono ikatetemeka kama ya mzee. "Mana yanje!" alilia Jeanne, akimwita Mungu wake. Mama Luo alimnyakua mtoto, wakakimbizwa kituo cha afya kwa gari la kambi. Njiani yeye naye alitapika dirishani, wala hakumwachia mtoto.

Habari mbaya haihitaji barabara ya lami. Muda si muda uwanja wa kituo ulijaa watu.

"Ni wali wa yule Mchina!"

"Wali una rangi tano, hiyo si sumu ni nini?"

Mama Luo alikuwa ameketi kwenye ngazi, uso umepauka, akijishika tumbo. Mjomba wa Immakulata, Nkunzimana, alipasua kundi akaokota jiwe. "Mmemlisha mtoto wetu sumu!" Jiwe likampata mwanamke yule kwenye paji la uso. Damu ikamchuruzika hadi kidevuni. Hakukimbia wala hakutukana. Alielekeza kidole mlangoni, akasema, "Mtoto kwanza. Mtoto."

Immakulata alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka hapo. Aliona jiwe linaokotwa, akaliona linarushwa. Neno lake moja lingelizuia. Aliogopa fimbo ya baba, aliogopa macho ya watu, akanyamaza.

Tabibu Sylvesta alitoka ndani, jasho linamtoka licha ya baridi. "Jamani, hii si malaria. Huyu mtoto amekula sumu, na lazima nijue ni sumu gani. Nikikisia dawa, naweza kummaliza mwenyewe. Ule wali ulitiwa nini?"

"Majani," Mama Luo alisema kwa shida. "Majani, maua. Nyekundu… nyekundu ya bibi wa ng'ambo."

Sauti ya mtu kundini ikasema, "Mpawenimana! Si nilisema siku nyingi kwamba yule kikongwe ni mchawi?"

"Twendeni tukamtoe!"

Vijana waliokota fimbo. Wengine walianza kushuka njia ya bondeni, Nkunzimana mbele. Immakulata akamfikiria yule bibi, anayeishi peke yake, asiyesikia vizuri, ambaye angewatolea viti akidhani ni wageni. Alikimbia akawapita, akasimama katikati ya njia na kupanua mikono.

"Bibi hajui lolote!" alipiga kelele hadi sauti ikakauka. "Sikwenda kwa bibi! Ni mimi! Nilichukua rangi ya mbegu za baba, zile za dawa!"

Fimbo zilishuka. Hakuna aliyemgusa. Baba yake, aliyetoka kituoni mbio aliposikia kelele, alimtazama mara moja tu, akageuka na kukimbilia nyumbani kwa kasi kuliko alivyowahi kukimbia maishani. Alirudi kituoni na mfuko wa mbegu kifuani. Tabibu alisoma jina la dawa lililoandikwa mgongoni mwa mfuko, akaita muuguzi, na mlango ukafungwa.

Kuna kungoja kusikosahaulika. Jeanne alisali, rozari inamponyoka mkononi. Hakumpiga Immakulata, na hilo lilimuuma binti kuliko kipigo. Hatimaye Tabibu Sylvesta alitoka. "Sindano imemshika. Anapumua. Gari la wagonjwa litampeleka hospitali Kasulu sasa hivi, na huyu mama Mchina naye." Akamgeukia Immakulata. "Ungesema mwanzo, nisingepoteza muda wote ule. Ungechelewa kidogo tena, ningekuwa natafuta shuka la kumfunika."

Marselino alirudi nyumbani amekonda, mikono bado inatetemeka, kikombe akikishika kwa viganja vyote viwili. Wale waliodokoa waliumwa matumbo tu, wakapona. Mama Luo alirudi na kovu kwenye paji la uso. Nkunzimana alikwenda kumwomba radhi, kofia mkononi. Mama Luo alimsikiliza, akajibu, "Nimesikia. Lakini bado linauma." Mkuu wa kambi akapiga marufuku watoto wa kijiji kuingia jikoni, na ikasemwa kwamba Mama Luo atahamishiwa kambi nyingine, upande wa Kibondo.

Siku ya kuondoka kwake, Immakulata aliamka bila kuamshwa. Alivuka bonde, akapanda kile kilima, akamweleza Bibi Mpawenimana kila kitu kwa sauti kubwa ili asikie, kisha akachuma matunda ya mrangi, akayapasua na kufunga mbegu zake kwenye kifurushi. Alifika getini wakati mizigo inapakiwa, mama yake akiwa hapo kuaga. Viganja vyake vilikuwa vyekundu tupu.

"Hizi ndizo ulizonituma," alisema, na machozi yakamshinda. "Nisamehe, Mama Luo. Walikupiga, na mimi nilikuwepo."

Mama Luo alizitazama mbegu, asinyooshe mkono. Immakulata akaelewa. Alichukua mbegu kadhaa, akazitia mdomoni, akazitafuna na kuzimeza mbele yake. Ndipo Mama Luo alipokipokea kifurushi. Hakucheka kama zamani. Alichomoa kibendera kimoja cheupe mkobani akampa. "Cha shamba la baba," alisema, akapanda gari.

Immakulata na mama yake walirudi nyumbani. Walipokaribia, Jeanne alisimama, akamshika binti yake bega.

"Mwana wanje, njia yako ya mkato ilikuwa fupi kwako wewe. Kwa mdogo wako ilikaribia kuishia kaburini. Anayekutuma bila kukufuata nyuma ameweka uhai wake mkononi mwako, kwa hiyo kazi asiyoiona ndiyo uifanye vizuri zaidi. Na ukikosea, sema palepale. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe ulificha, na kifo hakikuja kwako. Kilikwenda kwa Marselino, kikamwendea mgeni, kikaanza safari ya kwa bibi wa watu."

"Nimekusikia, mama."

Jioni Immakulata alipepeta maharage mara mbili. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Yalipoiva alimpakulia mdogo wake, lakini Marselino aliona yale maharage ni mekundu, akalisukuma bakuli kwa mikono yake inayotetemeka.

"Umeonja?" aliuliza.

Immakulata alichota kijiko, akala, akameza, akafungua mdomo ili aone.

Marselino akalivuta bakuli, akaanza kula.